Daftari la Joto

Saa tisa usiku, Nyawera haina umeme.
Naandika kwa mwanga wa simu:
thelathini na nane, nukta sita.
Chini yake naandika alichosema:
"Yaya, niko na baridi."

Siku ya arobaini na moja.

Watu husema maneno hukata maini.
Langu lilikatwa kwa kisu, huko Chennai,
upande wa kulia, nikiwa nimelazwa usingizi,
likapelekwa chumba cha pili kwa Zihindula
kama mtu anavyompelekea jirani kaa la moto
mbiombio, kabla halijapoa.

Saa kumi na nne mezani.
Mifuko kumi na mmoja ya damu ya watu nisiowajua.
Mimi nilihesabu rehema.
Daktari wa kule alihesabu kitu kingine,
akanipa orodha, nikaiandika nyuma ya daftari
pale wanafunzi wanapoficha majina ya wapenzi wao:
mifuko hiyohiyo ya damu;
mrija wa shingoni uliokaa siku kumi na mbili;
figo zilizochoka hata kabla ya safari;
sukari;
na tumbo lililofunguliwa mara ya pili
kwa sababu nyongo ilivuja
pale nyama yangu iliposhonwa na yake.

Hilo la mwisho niliandika kwa herufi ndogo.

Bibi alitufundisha: mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hakutuambia kwamba mgeni wa namna hii akifika
inabidi walinzi wa nyumba walevywe,
vidonge viwili asubuhi, viwili jioni,
wasije wakamfukuza kwa marungu.
Na walinzi wakisinzia,
nani atamwuliza mpita njia anakwenda wapi?

Ndiyo maana nachemsha maji mara mbili.
Ndiyo maana maman Ntakwinja,
aliyeshuka kutoka Kadutu na sambaza na machozi,
alimsalimu mdogo wangu kupitia dirishani
akaondoka akisema India imenipa kiburi.
Sambaza zenyewe nilizila peke yangu, jikoni, nimesimama.

Jana, opitali, nilimwuliza daktari Murhula
swali nililolibeba tangu uwanja wa ndege:
ni kipande changu kilichomwingiza mdudu?
Hakucheka. Alikuwa akipangusa chupa mbili kwa spiriti,
za kuwekea damu.
Akasema: mara nyingi huyu hatoki mbali.
Ameishi matumboni mwa nduguyo miaka yote,
mpangaji mpole, halipi, hasumbui,
sasa ameona njia ya kwenda kwenye damu.
"Kikulacho..." akasema, akaziandika chupa jina.
Hakumalizia. Nani huwa anaimalizia?

Nilitaka kufurahi kwamba si mimi.
Sikufurahi. Njia ile ilipita kwenye mshono wetu.

Saa kumi na moja simu inalia.
Ni Cirhuza wa maabara, aliyekesha na chupa zetu
kando ya jenereta zisije zikapoa.
"Moja imechafuka," anasema. "Nimeitazama kwa hadubini.
Ni vijiti, vyekundu, vingi."
Dawa ipi itaviua, atajua kesho kutwa.
Iko moja ambayo Murhula hataki ingoje kesho kutwa,
na hapa Bukavu imekwisha.
Iko Kamembe, ng'ambo.

Naamka. Kovu linanivuta upande
kama mtoto anayetaka kubebwa.
Thelathini na tisa, nukta moja.
Namwachia mama kipimajoto, yeye asiyesoma namba;
namwekea alama ya wino kwenye kioo:
zebaki ikivuka hapa, piga kelele.
"Na isipovuka?" anauliza.
Piga kelele vilevile, mama.

Nateremka Ruzizi kwa miguu.
Geti halijafunguliwa.
Niko wa tatu kwenye foleni,
nyuma ya wanawake wawili wenye mabeseni matupu
wanaogeuka na kuniuliza
mimi naenda kununua nini.