Lita Moja na Nusu

Lita moja na nusu, Perusi.
Ilikuwa kwenye chupa ya maji ya dukani, nyuma ya mlango,
petroli ya mashine ya salfa,
na mikorosho ilikuwa inadai raundi mbili bado.
Mfaume alisema, "Mama Sikujua, niazime, kesho nakurudishia."
Sikuuliza ya nini.
Nasema sikuuliza.
Sikujua ni jina la mwanangu tu.

Mwaka ule maua yalikauka na vumbi lake jeupe.
Ubwiri unga, kila mkulima wa Newala anaujua,
ulikuwepo kabla ninyi hamjaanza kusali.
Lakini mwenye deni la pembejeo
hatafuti ugonjwa. Anatafuta mtu.

Mkapatikana.
Nyumba tano tu, watu wa Jumamosi,
mnaimba kwenye banda la makuti la Eliakimu
siku ambayo wenzenu tupo shambani.
Hamnywi uraka. Hamli kambale.
Na Yokebedi wenu hakupelekwa unyagoni,
hapo ndipo maneno yalipoota miguu.

Maalimu alisema hao si wetu.
Katekista Longino alisema wala si wetu.
Miaka kumi na tisa wale wawili hawajaelewana
hata mpaka wa makaburi;
juu yenu walielewana wamesimama,
bila kuletewa kiti.

Kwanza ilikuwa bombani.
Mtu aliisogeza ndoo yako nyuma, kisha nyuma tena,
kwa mguu, kama anavyosogezwa kuku.
Mimi nilikuwa wa nne.
Huku juu maji yanapandishwa mlima kwa mashine,
tunayahesabu kwa sauti, ndoo kwa ndoo.
Nilihesabu.
Yangu ilipojaa nilijitwisha, nikaondoka
na shingo imenyooka. Mwenye ndoo kichwani
hawezi kugeuka nyuma, si unajua?

Makuti yakishika moto yanalia kama mvua.
Hilo sikuwa nalijua.
Niliamka usiku nikasema, Alhamdulillahi,
nikatoka na ndoo mbili kuzitega chini ya bati,
nikasimama pale, mikono nje,
nikingojea tone,
ndipo nikaona uani kwangu kuna mwanga
na kivuli changu ni kirefu.

Maji ya kuzima tusingeyapata
hata kama tungeyatafuta.
Hayo niliyasema sana baadaye, wote tuliyasema.
Ni kweli, na hayasaidii.

Eliakimu aliingia mara mbili.
Mara ya kwanza alitoka na mama yake.
Mara ya pili alitoka na mikono ambayo haikuwa mikono.

Polisi walipofika, kitongoji kizima
kilikuwa kimelala tangu magharibi.
Mwenyekiti Mchopa alipiga miayo kuthibitisha.

Mliondoka kwa pikapu, njia ya Masasi.
Sikutoka. Nilisikia injini ikikataa,
ikikataa, kisha ikikubali.
Nilipofungua mlango nilikuta beseni langu la bluu,
lile lenye ufa, uliloliazima Ijumaa.
Ndani, korosho.
Zile za gunia la msimu uliopita, mlizozificha mkisubiri bei.
Zilibanikika na nyumba,
nawe ukakaa kwenye majivu ukazibangua, moja moja,
na sote tunajua mafuta ya ganda yanavyokula vidole.

Chombo cha jirani hakirudi kitupu.
Mama yako alikufundisha, na mimi mama yangu,
na sidhani walikutana.
Sijui kama ulikuwa unaniaga
au unanihukumu. Nimeligeuza beseni lile
kila upande, halisemi.
Mwanangu alikula tatu kabla sijamzuia.
Tamu, alisema.

Salfa tumepuliza tena mwaka huu.
Maua ni mazuri, wanasema. Mimi naona ya kawaida.
Mfaume hajarudisha ile petroli.
Tunapishana njiani, tunasalimiana, habari za asubuhi, nzuri.
Simdai.
Nikimdai, itabidi niitaje.