Risiti ya Barafu

Waliosema akiba haiozi
hawakuuza changu Malindi mwezi wa Machi.
Mimi nilikata barafu miaka sita,
msumeno, koleo, magunia ya unga wa mbao,
nikajua kinachotakiwa kesho
hufunikwa leo, kabla jua halijakiona.

Daktari alitaja nywele. Akataja kichefuchefu,
vidonda vya mdomo, maji lita tatu.
Dripu ya kwanza Jumatatu, saratani ya mitoki haingoji.
Nikatoka na karatasi.

Dama, muuguzi, ndiye aliyenifuata
hadi dirisha la dawa, ndara zikimpiga visigino.
"Una mke?" Nina mchumba.
"Mtoto?" Nikacheka.
Hakucheka.
"Dawa hii haina macho, Bunu.
Inaua kila kinachozaliana upesi:
uvimbe, nywele, na mbegu zako.
Nywele zitarudi. Hizo sina hakika.
Nenda Mombasa kwanza. Daktari nitamwambia mimi."
Akaandika namba ya simu nyuma ya kadi yangu
kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino.

Nikauza pikipiki.
Mama akauliza Mombasa kuna nini.
"Barafu," nikasema, na haikuwa uongo.
Ami Shee, ambaye hafichiki kitu,
akaninong'oneza: ni halali?
Nikamwambia, mbegu zangu, kwa mke wangu, ndani ya ndoa.
Akakohoa, akanitia elfu mbili mfukoni.

Kile chumba: kiti cha plastiki,
picha ya maporomoko ya maji (nani aliichagua?),
kikopo chenye jina langu, kifuniko cha manjano.
Nje mtu anapiga deki.
Nilidhani nitalia. Niliona aibu tu,
kisha njaa.

Binti wa maabara akanionyesha pipa linalofuka moshi baridi.
Nyuzi mia na tisini na sita chini ya sifuri.
Kiwandani kwetu kumi tu, na vidole hufa ganzi.
Nikamuuliza, umeme ukikatika?
Akanitazama kama mwenzake wa kazi.
"Hili halitegemei umeme," akasema.

Jumatatu ikawa Alhamisi.
Dawa nyekundu kama vimto ya futari
ikashuka tone kwa tone.
Wiki ya tatu nyusi zilidondoka kwenye sahani ya mbaazi.

Sasa ni mwaka wa nne. Mitoki kimya.
Vipimo vyangu vimesoma sifuri, mara mbili.
Rukiya aliikunja karatasi, akaendelea kukuna nazi.
Hatujaenda bado. Gharama, na woga.
Lakini kila Machi, changu wakianza kunuka sokoni,
natuma pesa Mombasa kwa simu,
kodi ya chumba cha mtu ambaye hajafika,
kisha risiti naitia kwenye droo ya cherehani ya Mama.
Yeye huziona. Huzipangusa vumbi, huzirudisha.
Hajauliza tena kuna nini.