Wikio

Usiku huu pia stima imekatika Mkomani.
Betri yangu ina saa mbili na robo,
na Lali amelala chumba cha pili
magoti kifuani, kama herufi inayokataa kusomwa.

Nafungua faili. Atomu maelfu,
kila moja na namba zake tatu: huku, kule, na juu.
Kazi yangu, nikisema kweli, ni ya kimbea:
kujua nani kamgusa nani.

Asidi amino zikishikana hutoa maji,
na kinachosalia twakiita baki.
Mabaki mia na arubaini na sita katika mnyororo mmoja,
yametungwa kama shanga,
lakini uzi haukai ukanyooka.
Hujikunja kama vichochoro vya mji huu,
hata wa kumi na tano akajikuta bega kwa bega
na wa sabini na mbili,
ambaye kwa kuufuata uzi angemfikia jioni, amechoka.
Bibi yangu Shumi hakushuka njiani kumwona nduguye.
Alivuka wikio, juu ya vichwa vya wapita njia,
na kahawa ikafika bado moto.
Ndiyo niyatafutayo: mawikio.

Shida ni kipimo. Karibu ni kiasi gani?
Nikiweka angstromu nane, kila mtu ni jamaa.
Nikiweka tatu, mji mzima ni wakiwa.
Naweka nne na nusu, huku nikimsikia
jirani yetu wa ukuta mmoja akikohoa.
Miaka kumi na moja twasikia kikohozi chake
na salamu hakuna, kwa ajili ya kisima.
Kugusana si kujuana. Programu haijui hilo.

Ramani yajichora: mraba wa vitone,
kama kofia ya vito aliyoiacha baba
sindano haijafika utosini.

Nyumba za kwetu zina daka, mgeni huketi hapo,
kisha msana, kisha ndani,
na ndani haingii kila mtu.
Protini nayo imejengwa vivyo hivyo.
Glutamati ni mtu wa daka: apenda maji,
apenda upepo, asalimu wote.
Valini achukia maji. Valini ataka ndani.

Nafasi ya sita ilikuwa ya glutamati.
Kwa Lali amekaa valini.

Basi. Badiliko moja.
Dada yangu Mwanate na mumewe, wazima wote wawili,
kila mmoja alikuwa na nakala moja asiyoijua,
na siku ya harusi hakuna aliyeuliza damu,
tuliuliza ukoo.

Damu ikishatua oksijeni yake,
himoglobini ya jirani huacha mlango wazi
baina ya fenilalanini wa themanini na tano
na leusini wa themanini na nane.
Valini hajabisha hodi.
Vitone vyangu viwili vyekundu ni hapo.
Na jirani naye ana wa sita wake, naye ana jirani,
mpaka uzi, mpaka kamba,
mpaka seli yenyewe ikapinda mundu.
Aliyeiita selimundu
nadhani aliwahi kukesha na mtoto.

"Mama mdogo."
Amesimama mlangoni, mkono kiunoni kama mzee.
Namwonyesha. Ana miaka tisa, haogopi picha.
Aweka kidole juu ya wa sita, kioo chaacha alama ya jasho.
"Ni huyu tu?"
Ni huyu tu.
"Sasa si aambiwe arudi dakani."

Nimesoma miaka saba kwa ajili ya sentensi hiyo
na sikuwa nimeifikia.

Naandika daftarini: 6–85, 6–88.
Betri, dakika arubaini.
Namimina maji, kikombe cha tatu usiku huu,
naye anywa akiitazama ile picha,
polepole, hajaondoa kidole.