Tundu la Pili

Shuleni simu ni marufuku, limeandikwa getini
kwa rangi ile ile ya "Hatari, Umeme".
Basi Kalunde kaniomba kitu kisichopiga wala kupigiwa,
kitu cha kuimba tu. Getini hakijatajwa.
Ana miaka kumi na mitano na barua ya hoja sita,
kila hoja kaipigia mstari kwa rula.

Jumamosi, nimetoka zamu ya usiku stesheni,
grisi bado imo kwenye kucha,
tukaingia kwa Hemed, nyuma ya soko kuu,
duka linalonuka plastiki mpya na udi wa jana.

Akavipanga juu ya kioo kama dawa za minyoo.
Hiki kina skrini, kinaonyesha na picha.
Hiki kina tochi.
Hiki chekundu kinabanwa kwenye kola, kidogo kuliko kiberiti,
kikidumbukia chooni, ndugu yangu, umefiwa.
Hiki kinakula betri za kawaida,
na betri hata Sikonge zipo.

Nikauliza maswali ya mtu mzima:
chaji inakaa saa ngapi, kadi inabeba nyimbo ngapi,
waranti je?
"Waranti ni mimi," alisema Hemed. "Mimi sihami."
Nikakitikisa sikioni kama yai la kununua.

Kalunde hakuuliza chaji.
Alikigeuza, akapapasa ubavuni kwa ukucha.
"Hakina tundu la pili?"
La nini?
"La waya wa masikio mengine, baba."
Masikio ya nani?
Akaanza kusoma bei ya pasi iliyoning'inia ukutani.

Kazi yangu ni kugonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo.
Zima hulia kama kengele,
lenye ufa hujibu kama chungu.
Miaka kumi na tisa, halijanidanganya hata moja.
Lakini kimya cha binti mbele ya tundu
lisilopitisha hata punje ya mtama,
hicho sina nyundo yake.

Hemed ana mabinti wanne. Akajifanya anatafuta chenji,
akaibuka na cha kijivu, kimekwaruzika, hakina boksi,
matundu mawili kama pua ya mbuzi.
Elfu ishirini na nane.
Cha skrini kilikuwa ishirini na tano.
Nikalipa hizo elfu tatu za tundu.

Kwetu Ndevelwa redio ilikuwa moja,
imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi,
ufunguo wa kabati anao baba.
Akitaka taarifa ya habari, sote tumetaka taarifa ya habari.
Betri zikichoka tulizianika juu ya bati,
nami nikawa mlinzi wao dhidi ya kunguru.
Wimbo wa mtu mmoja haukuwapo.
Ukilia, umelia kwa wote,
hata kwa shangazi aliyeuchukia.

Sasa nyumba yangu ya Isevya ina ngoma nisiyoisikia.
Namwona anachambua mchele, kichwa kinakwenda,
dole gumba la mguu linapiga sakafu.
Mama yake humwita mara tatu,
ya nne kwa mwiko.

Leo asubuhi nimekikuta mezani, kimezima.
Mkono wangu, bila kuniuliza,
ukakipeleka uani, ukakianika juani.
"Baba! Hicho kinachajiwa!"
Alicheka mpaka akakaa chini, mswaki mdomoni.

Nikakirudisha. Lakini kwanza nikakitazama ubavu,
kama ninavyotazama ekseli.
Tundu la kwanza linang'aa kwa kutumika.
La pili, wiki iliyopita, lilikuwa na vumbi.
Leo halina.

Nikakigonga kwa ukucha, mara moja,
nikasikiliza.