Jicho Lisilo na Joto

Saskatoon, Januari, saa tisa za usiku.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na humu ndani namimina baridi kubwa zaidi:
nitrojeni kimiminika, inafuka
kama chungu kisicho na moto.
Naipa kamera inywe.
Darka alinifundisha hivyo wiki ya kwanza,
glavu yake imetoboka kidole gumba:
jicho lenye joto lake lenyewe
halioni joto la mwenziwe.

Mwanga tunaotumia hauonekani.
Unatoka kwenye pete ya elektroni nyuma ya ukuta,
umeuvuka wekundu ukaenda zake.
Hatutii rangi. Zamani tulipaka zambarau,
seli ikapendeza, ikafa.
Mwanga huu unatikisa vifungo tu,
na kila kifungo kina mtetemo wake:
mafuta huitika huku, protini kule,
sukari kwa sauti ya chini.

Tatizo ni maji.
Maji yanaumeza mwanga huu,
tena yanaumeza palepale
protini inapoanza kusema.
Uyaondoe, seli inakauka.
Uyaache, huioni.
Basi tunaibana kati ya vioo viwili
katika utando wa maji ambao wembamba wake
ni sehemu ya kumi ya unywele.
Uhai wa kutosha, giza la kuvumilika.

Seli za leo ni za ini la mtu wa Moose Jaw.
Namba 0417. Simjui uso,
namjua ndani.

Simu inatetemeka. Ni Kombo, mdogo wangu,
huko Korogwe jua liko utosini
na bucha lake limepungukiwa wateja.
"Unaona nini saa hizi?"
"Mafuta."
Anacheka mpaka anakohoa.
"Umepanda ndege mbili ukaone mafuta?
Yako hapa ndoanani, njoo uchukue."

Nataka kumjibu. Lakini kwenye skrini
matone mawili yanasogeleana,
polepole, kama watu wasiojuana
kwenye foleni ya benki,
yanagusana,
yanakuwa tone moja.
Hakuna aliyeyasukuma.

"Kombo," nasema, "ya kwako hayatembei."
Kimya. Nasikia kisu kinawekwa mezani.
"Hapana," anasema. "Ya kwangu hayatembei."

Picha inaanza kuingia chengachenga;
kamera imepata joto.
Navaa glavu.
Namwambia asikate, asubiri,
namimina tena.