Somo la Ki

Jumatatu, saa mbili kasorobo, Tunguu.
Feni ya tatu kutoka mlangoni imekufa tangu muhula uliopita,
tumejibanza thelathini na wanne chini ya zile mbili nzima.
Dokta Mwatima anaandika ubaoni p na q,
na katikati mshale.
"Huu mnaujua tangu mnanyonya," anasema.
"Mama zenu waliwaambia: ukilia, sikupi.
Hiyo ki ndiyo mshale."

Nikacheka peke yangu.
Miaka ishirini nachomeka mishale kwenye vitenzi
bila kujua kuwa nina silaha.

Tulipofika kwenye au, Vuai wa Makunduchi akabisha:
"Muuza chai akiniuliza chai au kahawa,
nikajibu ndiyo, atanimwagia."
Darasa likaangua kicheko. Dokta naye.

Kisha jedwali. Safu nne.
Mbili za juu sikuwa na neno nazo.
Lakini ya tatu na ya nne: p ni uongo,
na mshale mzima unahesabiwa kweli.
Nikanyoosha mkono. "Kweli kwa hoja gani?"
Dokta akajifuta chaki kwenye baibui,
vikabaki vidole vinne vyeupe.
"Nikikwambia, mvua ikinyesha leo nitakupa mwavuli.
Jua likawaka mpaka jioni. Nimekudanganya?"
"Hujanidanganya."
"Na mwavuli umeupata?"
"Sijaupata."
"Basi kaa chini."

Nikakaa.
Ila safu ya nne ilinifuata mpaka dahalia,
ikapanda ngazi na mimi, ikalala miguuni pangu.

Baba aliondoka Mtambwe mwaka wa karafuu nyingi,
mimi nina miaka mitano, meno ya mbele hamna.
Alisema bandarini Wete, mkono mmoja kwenye begi:
Nikipata kazi ya kudumu, n'takuchukueni Maskati nyote.
Mama akaikunja sentensi ile kama kanga ya sandukuni.
Kila mwaka aliitoa, akaifukiza udi, akairudisha.
Ndugu zake wakisema, "Mize, mumeo muongo,"
alijibu: "Hajapata kazi ya kudumu."

Na mimi niliyekuwa nikimuona mjinga!
Mama, ambaye darasa la saba hakulimaliza,
amekaa safu ya nne miaka kumi na mitano.
Kazi hakupata, sisi hatukwenda, sentensi ni nzima
kama kikombe ambacho hakuna aliyekinywea.

Usiku ule nilijaribu kumtia baba hatiani.
Nikachukua karatasi: tuseme baba ni mkweli.
Nikashuka mstari kwa mstari nikitafuta mgongano.
Nikatia picha aliyotuma, pikapu nyeupe nyuma yake.
Nikatia miaka minne ya kimya.
Nikatia mtoto wa huko, tuliyelisikia jina lake msibani.
Mgongano haukuja.
Kazi ya kudumu, haikufafanuliwa.
Nani angemwambia, boti imeshapiga honi,
Baba, kwanza fafanua?

Mtihani wa kati nilipata themanini na moja.
Nililikosa swali la tano, andika kwa alama:
Kuna mtu anayengojwa na kila mtu wa nyumba hii.
Nilitanguliza kila, nikachelewesha kuna,
ikawa kila mtu anamngoja wake.
Dokta akapiga mstari mwekundu: "Mpangilio!"
Sikwenda kudai alama.
Nilipofikiri vizuri, kwetu ndivyo ilivyo:
mama anamngoja mume, kaka anamngoja wakala wa viza,
bibi anamngoja mwanawe aje amzike.
Mimi sijui nangoja nani. Labda muongo.

Jana mama kapiga. Masomo yakoje?
Nikamwambia tunasoma lini neno huwa kweli.
"Hilo nalo watu wanakopeshwa pesa kulisomea?"
Kisha: "Paa la jikoni linavuja. Baba'ko akileta..."
Akasita. Nikaisikia mvua juu ya mabati upande wa pili.
"N'takwenda kwa fundi Alhamisi."

Nikaitafuta ki. Sikuiona.