Daftari la Vipimo

Mimi fundi cherehani, Tandika, nyuma ya mitumba.
Picha ya eksirei siwezi kuisoma,
ila futi ikizunguka kiuno cha mtu
vidole vyangu vinajua kabla ya macho.

Ukurasa wa kumi na tisa: Sikudhani, dada yangu,
mama ntilie wa mafundi samani wa Keko.
Januari, kiuno thelathini.
Machi, thelathini na tatu.
Mei, thelathini na sita, na mikono imekonda
hata bangili zinapanda hadi kiwiko.
Nikafumua gauni, nikatanua, nikashona upya.
"Unatuficha, eti? Wa nne huyo?"
Akacheka.
Kicheko hicho ndicho kinachoniamsha usiku.

Zahanati ya kwanza walisema gesi:
acha maharage, mama, punguza soda.
Ya pili, minyoo.
Ya tatu, yutiai, kama foleni nzima siku ile.
Altrasaundi ilikuwepo, mtaalamu wake yuko semina.
Nesi akamwambia, hata uso hakuinua:
"Tumbo la mpishi hilo. Kuonjaonja."
Nesi mweusi kama mimi.
Hapo ndipo panaponichoma:
hata sisi tumefundishwa maumivu ya nani yasikilizwe.

Ukurasa wa ishirini: Madamu Annelies, Masaki,
Mzungu, mpenda vitenge vya maua makubwa.
Mei hiyohiyo kiuno kilikuwa kimeongezeka
inchi moja na nusu.
Moja na nusu! Mimi ningesema ni chapati.
Yeye alimwambia daktari wake, "Najisikia nimejaa,"
na daktari akaamini.
Jumanne picha. Alhamisi damu. Jumatatu ndege.
Novemba akarudi, nywele zinaota laini kama za kifaranga,
na chokoleti mkononi kwa ajili ya wanangu.
Alipouliza habari za dada nikamwambia.
Alilia, na alilia kweli. Sina ugomvi naye.
Nikamuuliza tu: huko kwenu, wodini,
wanawake wa rangi yangu ulikutana nao?
Akafikiri sana.
"Mmoja," akasema. "Alikuwa anapiga deki."

Ugomvi wangu ni na inchi.
Futi yangu ya njano, imechakaa, namba zimefifia,
lakini inchi yake ni ileile Masaki na Tandika.
Kwa nini moja na nusu iliitwa dalili,
na sita zikaitwa unene, uzazi, uswahili?

Ocean Road tulifika Septemba, rufaa imekunjwa mara nne.
Dokta Nkwabi, kijana, akaweka kalamu chini kwanza.
"Ovari zote mbili," akasema, "na umeshasambaa."
Kisha: "Ulianza lini?"
Sikudhani akanitazama mimi.
Nikatoa daftari mkobani, lina chaki na nyuzi.
Akafuata namba kwa kidole, Januari, Machi, Mei,
akarudi juu, akafuata tena.
"Vipimo vyake vya hospitali viko wapi?"
Ndivyo hivyo, dokta.
Hivyo ndivyo vipimo vyake.

Sanda ya mwanamke ni vipande vitano.
Nilikata mwenyewe.
Hakuna aliyeniuliza kiuno.

Siku hizi mteja akija napima bega, kifua, nyonga,
halafu namuuliza yasiyohusu gauni:
Unashiba kwa tonge mbili? Haja ndogo inakubana kila saa?
Tumbo linakaza, lini limeanza?
Wengine wanacheka. Mmoja alinuna, akahamia kwa fundi mwingine.

Leo asubuhi kaja Tatuu wa Yombo, gauni la harusi ya mdogo wake.
Inchi mbili na robo tangu Idi, na mashavu yameingia ndani.
Nimefunika cherehani. Pasi nimezima, nadhani.
Tuko kwenye bajaji, daftari mapajani.
Wakisema gesi, nitafungua ukurasa.
Wakisema rudini Jumatatu, nitakaa palepale dirishani,
futi shingoni,
mpaka mtu mmoja humo ndani anyanyuke
apime.